Filamu Bubu za Kauboi na za Mikasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Filamu bubu ni zipi, na zilitengenezwa miaka gani?

Ni filamu zilizopigwa kabla mkanda haujaweza kubeba sauti, kuanzia miaka ya 1890 hadi kufikia 1929 hivi. The Jazz Singer ya mwaka 1927 ndiyo iliyowafumbua macho wenye studio, na ndani ya miaka miwili mitatu Hollywood yote ikawa imehamia kwenye sauti. Ukurasa huu unashughulikia fungu moja tu la urithi huo: farasi, treni, merikebu za maharamia, mapanga na vumbi. Nyingi ni za Marekani kwa kuwa kauboi ni wa huko, ila Ujerumani na Ufaransa nazo zimo.

Filamu ina miaka mia, haina sauti, mara nyingi haina rangi. Kwa nini niipe saa mbili zangu?

Kwa sababu sehemu kubwa ya unachokiona ilitokea kweli mbele ya kamera. Hakukuwa na kompyuta ya kuchora moto au kumfuta mtu kamba kiunoni. Ujanja wa kamera ulikuwepo tangu mwanzo, lakini filamu hizi ziliishi kwa kuwaonyesha watu jambo lenyewe. Mtu akiruka kutoka juu ya paa na kutua kwenye behewa linalokimbia, basi yupo mtu aliyeruka.

Chukua The General ya mchekeshaji Buster Keaton, iliyotoka mwaka 1926. Ni hadithi ya dereva wa treni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, anayeifukuza garimoshi yake iliyoibwa na maadui. Tarehe 23 Julai 1926, karibu na mji wa Cottage Grove huko Oregon, watengenezaji walilitia moto daraja la mbao, kisha wakaachia garimoshi la kweli lipite juu yake. Kamera iko mbali na imetulia tuli. Garimoshi linaingia darajani, linafika katikati, daraja linakatika, na tani zote zile za chuma zinaporomoka mtoni huku moshi na mvuke ukiendelea kutoka. Picha ile iligharimu takriban dola 42,000, na mara nyingi hutajwa kuwa picha moja ghali kuliko zote za enzi ya filamu bubu. Mabaki ya garimoshi yalikaa mtoni hadi Vita vya Pili vya Dunia, yalipoopolewa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Kuna kitu kingine ndani ya filamu hiyohiyo ambacho mimi hukipenda hata zaidi. Keaton, akiwa na huzuni ya mapenzi, anakaa kwenye mtaimbo wa chuma unaounganisha magurudumu ya garimoshi. Garimoshi linaanza kutembea. Mtaimbo unampandisha, unamshusha, unampandisha tena, naye hajatambua. Uso wake haubadiliki hata kidogo. Magurudumu yangeteleza na kuzunguka kwa kasi, angeumia vibaya. Hakuna aliyemshikilia.

Kauboi wa kwanza wa sinema alikuwa nani?

Watu wengi huanzia kwenye The Great Train Robbery ya mwaka 1903, iliyoongozwa na Edwin S. Porter kwa kampuni ya Edison. Ina dakika 12 hivi, na ilipigwa New Jersey, mashariki kabisa mwa nchi, mbali na jangwa lolote. Majambazi wanavamia treni, wanaiba, wanakimbia, wanafuatwa, wanauawa. Halafu kuna ile picha ya jambazi mwenye masharubu, Justus D. Barnes, anayeitazama kamera na kuifyatulia bastola usoni. Kampuni iliwaruhusu wenye kumbi waiweke picha hiyo mwanzoni au mwishoni, wapendavyo.

Mmoja wa waigizaji wa filamu hiyo, Gilbert M. Anderson, alicheza nafasi zaidi ya moja. Mwaka 1907 akashirikiana na George K. Spoor kuanzisha kampuni ya Essanay, kisha akajigeuza Broncho Billy, kauboi mwenye moyo mwema, na kutoa filamu fupi mamia kadhaa, nyingi akizipigia Niles, California. Huyo ndiye stelingi wa kwanza wa picha za kauboi ambaye watu walilipa kiingilio kwa ajili ya kumwona yeye. Mwaka 1958 alipewa Oscar ya heshima.

Nina usiku mmoja tu. Nitazame ipi?

Kama hujawahi kutazama filamu bubu hata moja, tazama The Mark of Zorro ya mwaka 1920. Kama unapenda kauboi na uko tayari kulia kidogo, tazama 3 Bad Men ya mwaka 1926. Zote mbili zimeelezwa hapa chini.

William S. Hart anasifiwa sana. Ana nini?

Ana uso, na ana dhamiri. Hart alizaliwa mwaka 1864, akawa mwigizaji wa jukwaani kwa miaka mingi, na alipoanza sinema mwaka 1914 chini ya mtayarishaji Thomas Ince alikuwa anakaribia miaka hamsini. Alizichukia picha za kauboi zilizokuwa zikitengenezwa na watu wasiojua hata tandiko linavyofungwa. Akataka vumbi liwe vumbi, nguo ziwe chakavu, na mtu mbaya awe na sababu ya kuwa mbaya.

Alijichongea mhusika mmoja aliyemrudia tena na tena: mhalifu ambaye bado hajaoza ndani. Hell's Hinges ya mwaka 1916 ndiyo ningeitaja kwanza. Hart ni Blaze Tracy, bingwa wa bastola katika mji usiotaka sheria wala kanisa. Mchungaji kijana anawasili pamoja na dada yake, na wakubwa wa mji wanamtaka Tracy awatimue. Anakwenda kuwatimua. Anamwona yule dada. Kamera inabaki usoni pake, na uso ule mrefu uliokauka kama mbao unaanza kulegea polepole bila neno lolote. Ukiwa umezoea filamu za sasa zinazokukatia picha kila sekunde mbili, utashangaa jinsi uso uliotulia unavyoweza kukushika.

Cha ajabu ni kwamba mchungaji ndiye anayeanguka. Ni dhaifu, anashawishiwa, analewa, na anakufa vibaya. Umati unalichoma kanisa. Tracy anapoona hivyo anaenda kwenye kilabu cha pombe, anawazuia watu kwa bastola mbili na kupasua taa kwa risasi, na moto unaanza. Mji wote unateketea. Mpiga picha Joseph August alinasa moshi mweusi unaofunika jua na vivuli vya watu wakikimbia juu ya kilima. Filamu ina saa moja na kitu tu, lakini ukiimaliza unajihisi umesoma kitabu kimojawapo cha Agano la Kale.

Baada ya hiyo, mtafute kwenye The Narrow Trail ya mwaka 1917, ambayo farasi wake Fritz ana nafasi kubwa, kisha umalizie na Tumbleweeds ya mwaka 1925, filamu yake ya mwisho. Hii inahusu siku ya Septemba 1893 ambapo ardhi ya Cherokee Strip huko Oklahoma iligawiwa kwa mbio: maelfu walipangwa kwenye mstari, mzinga ukalia, na aliyewahi akachomeka kigingi chake. Mbio hizo zinavyopigwa, na Hart akiwapita wote juu ya farasi kana kwamba anapaa, ni miongoni mwa vipande vizuri kabisa vya enzi ile. Filamu ilipotolewa tena mwaka 1939, Hart, mzee wa miaka sabini na kitu, aliongeza utangulizi wa takriban dakika 8 ambamo anasimama shambani kwake na kuongea na watazamaji, akiiaga kazi yake. Ilikuwa mara pekee watazamaji wa sinema kuisikia sauti yake. Tafuta nakala yenye utangulizi huo.

Na Tom Mix?

Ni kinyume cha Hart kwa kila kitu. Kofia kubwa, nguo za madoido, farasi mwerevu anayeitwa Tony, na tabasamu. Alikuwa mpanda farasi wa kweli, na alipenda kufanya mambo ya hatari mwenyewe. Tazama Sky High ya mwaka 1922, iliyopigwa Grand Canyon, au The Great K & A Train Robbery ya mwaka 1926, iliyopigwa katika mabonde ya Colorado. Usitafute undani, tafuta raha. Filamu zake nyingi zimetoweka, na sababu yake inaelezwa mbele.

Nasikia mwongozaji John Ford alianza na filamu bubu. Zinafaa?

Zinafaa sana, na wanaomjua Ford kwa filamu zake za baadaye tu wamekosa nusu ya mtu. Filamu yake ndefu ya kwanza, Straight Shooting ya mwaka 1917, ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipopatikana katika hifadhi ya filamu huko Prague mwaka 1966. Harry Carey ni jambazi aliyekodiwa na wafugaji wakubwa kuwafukuza wakulima, na mara ya kwanza tunapomwona amejificha ndani ya mti wenye uwazi, akichungulia bango la kumtafuta yeye mwenyewe. Carey ana ishara moja ya kushika mkono wake mmoja kwa mwingine, juu kidogo ya kiwiko. Ishara hiyo John Wayne aliirudia kwa heshima yake mlangoni, mwishoni mwa The Searchers ya Ford huyohuyo, mwaka 1956.

The Iron Horse ya mwaka 1924 inahusu ujenzi wa reli iliyounganisha mashariki na magharibi mwa Marekani, hadi reli mbili zilipokutana Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Ilipigwa Nevada wakati wa baridi kali, watu wakilala kwenye mabehewa ya treni ya sarakasi yaliyokodiwa. Ni ndefu, na katikati inachosha kidogo, lakini umati wa wafanyakazi, ng'ombe na mabehewa si mchezo.

Ila kama ni moja tu, basi ni 3 Bad Men. Majambazi watatu waliozeeka wanakutana na binti ambaye baba yake ameuawa njiani kwenda kutafuta ardhi Dakota. Walikuja kuiba farasi wake. Wanaishia kuwa walinzi wake, na hata kumtafutia mchumba. Kuna kuchekesha kwingi. Halafu zinakuja mbio za ardhi: mamia ya magari ya kukokotwa yanatimka jangwani, na kwenye njia yao kuna mtoto mchanga aliyesahaulika chini, analia. Mkono unamnyakua sekunde ya mwisho, katika picha moja isiyokatwa. Sehemu ya mwisho, pale watatu wale wanaposimama mmoja mmoja kuzuia maadui ili vijana wapite, ndiyo iliyonifanya niipende sinema bubu. Stelingi hafi, tunavyosema. Hapa Ford alitaka mtazamaji awalilie watu ambao hakuna bango lililowaita stelingi. Baada ya filamu hii hakugusa tena hadithi ya kauboi hadi Stagecoach ya mwaka 1939.

Kuna filamu za mikasa zisizo za kauboi?

Nyingi, na hapo jina la kwanza ni mwigizaji Douglas Fairbanks. Mwaka 1919 yeye, Mary Pickford, Charlie Chaplin na D. W. Griffith walianzisha kampuni ya United Artists ili wasiamuliwe na wenye studio. Mwaka uliofuata akatoa The Mark of Zorro. Mchana ni Don Diego, tajiri mvivu anayepiga miayo na kuchosha wageni kwa michezo ya leso. Usiku ni Zorro, mtetezi wa wanyonge wa California ya enzi za Wahispania. Dakika za mwisho ni kufukuzana tu: anaruka ukuta, anapita dirishani, anapanda paa, anatua juu ya punda, na kila mruko anaufanya kana kwamba anacheka na wewe. Waliomwumba Batman miaka ya baadaye walichota hapo.

The Thief of Bagdad ya mwaka 1924 ni ya kwanza kwa yeyote aliyelelewa kwenye hadithi za Alfu Lela U Lela. Mji mzima ulijengwa Hollywood kwa michoro ya William Cameron Menzies, kuta zake ndefu na sakafu zikiwa zimeng'arishwa hadi watu wanaonekana wanaelea. Zulia linapaa juu ya umati, likiwa limening'inizwa kwa nyaya. Anna May Wong, kijana sana wakati huo, anakaribia kuwaiba watazamaji wote. Upungufu wake ni urefu: karibu saa mbili na nusu.

The Black Pirate ya mwaka 1926 ina rangi, ndiyo, rangi za Technicolor ya awali iliyotumia rangi mbili tu, nyekundu na kijani. Inaonekana kama picha ya ukutani iliyopaukia juani, na inapendeza. Fairbanks anachomeka kisu juu ya tanga na kuteremka nalo hadi chini huku likipasuka. Baada ya hapo maharamia wa sinema wamekuwa wakimwiga miaka mia nzima.

Kwa Ujerumani, usiikose The Adventures of Prince Achmed ya mwaka 1926, ya Lotte Reiniger. Ni filamu ndefu ya uhuishaji ya kale kuliko zote zilizobaki duniani. Reiniger alikata kwa mkasi vivuli vya watu, farasi, majini na miti, akavisogeza kidogo kidogo chini ya kamera kwa miaka mitatu. Ufaransa ilitoa mifululizo ya uhalifu ya Louis Feuillade. Les Vampires ya mwaka 1915 na 1916 ina sehemu 10 na jumla ya takriban saa saba, na Musidora ndani ya nguo nyeusi za kubana akitembea juu ya mapaa ya Paris hasahauliki.

Wanawake walikuwa wanaokolewa tu?

Hapana, na hili ndilo linalowashangaza wengi. Mfululizo wa The Hazards of Helen ulianza mwaka 1914 na kuendelea hadi 1917, sehemu 119. Helen Holmes ni mpiga simu za telegrafu wa kituo cha reli ambaye kila wiki anazuia ajali, anafukuza majambazi kwa pikipiki au farasi, anaruka juu ya treni. Alipoondoka, nafasi ikachukuliwa na Helen Gibson, mpanda farasi aliyetokea kwenye maonyesho ya kauboi, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Marekani kufanya kazi ya kucheza michezo ya hatari kwenye sinema. Alikimbia juu ya paa la kituo na kurukia treni inayopita. Pearl White wa The Perils of Pauline, ya mwaka 1914, ndiye mwenye jina kubwa zaidi, lakini mfululizo wake umebaki katika nakala fupi tu iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Ukiwa na nusu saa, tafuta sehemu yoyote ya Helen.

Ya kipekee ni The Wind ya mwaka 1928. Lillian Gish ni msichana anayehamia Texas na kuandamwa na upepo usiokoma, na na mwanamume asiyekoma pia. Mwongozaji Victor Sjöström aliipiga jangwa la Mojave, akitumia mapangaboi ya ndege kurusha mchanga. Ni kauboi iliyoangaliwa kutoka ndani ya nyumba, kwa macho ya mwanamke anayekaribia kurukwa na akili.

Wamarekani Weusi na Wenyeji wa Marekani wako wapi katika filamu hizi?

Kwenye filamu za studio kubwa, mara nyingi wako pembeni, au wanaigizwa na Wazungu waliopakwa rangi. The Vanishing American ya mwaka 1925 inawahurumia Wanavajo waziwazi na ilipigwa Monument Valley, lakini shujaa wake Mnavajo ni Richard Dix, Mzungu. Huwezi kuipenda enzi hii bila kulitazama hilo usoni. Lakini si hadithi yote, na sehemu iliyobaki ndiyo ninayotaka watu waifahamu.

Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika kila kauboi wanne wa kweli, mmoja alikuwa Mweusi. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, alikuwa gwiji wa kumrukia fahali kutoka juu ya farasi na kumwangusha, naye alikuwa akimng'ata mdomo kwa meno ili atulie. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Norman ya Jacksonville, Florida, ilimwonyesha katika The Bull-Dogger na The Crimson Skull, zilizopigwa Boley, mji wa Weusi watupu huko Oklahoma. Vimebaki vipande vya The Bull-Dogger tu. Vitazame hata hivyo. Kampuni hiyohiyo ilitoa The Flying Ace ya mwaka 1926, kisa cha rubani Mweusi anayewasaka wezi wa treni, na hiyo imebaki nzima.

Oscar Micheaux, Mmarekani Mweusi aliyewahi kulima ardhi mwenyewe huko Dakota Kusini, alitoa The Symbol of the Unconquered mwaka 1920. Mkulima Mweusi ana shamba ambalo chini yake kuna mafuta. Wanaolitaka wanamtumia wapanda farasi wa usiku wenye vitambaa usoni, kama wale wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Nakala ilipatikana Ubelgiji. Kipande cha mwisho, pale wapanda farasi wanapopigwa na kutimuliwa, hakimo. Maandishi peke yake ndiyo yanayotuambia. Nakala iliyorekebishwa ina muziki wa mpiga ngoma Max Roach, na ngoma zake zinapofika kwenye usiku ule wa mienge, utazishika pumzi.

Kwa Wenyeji wa Marekani, itafute The Daughter of Dawn ya mwaka 1920. Ilipigwa kwenye milima ya Wichita, Oklahoma, ikiwa na waigizaji takriban 300, wote Wakiowa na Wakomanche, pamoja na watoto wawili wa Quanah Parker, kiongozi mashuhuri wa Wakomanche. Walikuja na farasi wao, mahema yao na nguo za wazee wao. Kisa ni cha vijana wawili na binti wa chifu, hakina Mzungu hata mmoja. Kwa miongo mingi ilihesabiwa kuwa imepotea. Leo iko chini ya Jumuiya ya Historia ya Oklahoma, na mwaka 2013 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Afrika ilionyeshwa vipi?

Kwa kawaida, vibaya. Tarzan of the Apes ya mwaka 1918, yenye Elmo Lincoln, ilipiga "Afrika" yake kwenye vinamasi vya Louisiana, nyani wakiwa watu ndani ya mavazi. Tofauti na hizo ni filamu za Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliokaa Ziwa Paradise, Marsabit, kaskazini mwa Kenya, katikati ya miaka ya 1920, na kutoa Simba mwaka 1928. Picha za tembo na simba ni za kweli na zina thamani kubwa kwa anayetaka kuona nyika ile miaka mia iliyopita. Maandishi yake yanawadharau Waafrika waliobeba mizigo na kuwalinda. Tazama picha, na usome maandishi ukijua yameandikwa na nani kwa ajili ya nani.

Filamu bubu zilifika Afrika Mashariki?

Zilifika. Maonyesho ya sinema Zanzibar yalianza mapema mwanzoni mwa karne ya 20, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mji Mkongwe ulikuwa na jumba lake la Royal, lililochorewa ramani na mbunifu wa majengo J. H. Sinclair. Liliungua miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa Majestic.

Mbona watu wanatembea haraka haraka kama wachekeshaji?

Kosa ni la anayeonyesha. Kamera ziliendeshwa kwa kuzungusha mkono, mara nyingi kwa kasi ya picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde. Sauti ilipokuja, kasi ikawekwa 24. Filamu iliyopigwa kwa 16 ukiionyesha kwa 24 inakwenda mara moja na nusu ya mwendo wake. Ukiona askari anatembea kama kuku, funga, tafuta nakala nyingine.

Mbona picha nyingine ni za bluu, nyingine za njano?

Mkanda ulitumbukizwa kwenye rangi. Bluu ni usiku, njano iliyoiva ni mwanga wa taa ndani ya nyumba, nyekundu ni moto.

Nitazame na muziki au bila?

Na muziki. Kumbi zilikuwa na mpiga piano, kinanda kikubwa, au bendi kamili. Hakuna aliyetegemea watu wakae kimya saa mbili. Nakala iliyowekewa muziki usiohusiana ni bora uizime sauti na kuweka wako. Wengine hutumia taarabu ya ala tupu kwa The Thief of Bagdad, na inakubali.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaelewa?

Utaelewa. Maandishi yanayokatiza picha ni mafupi, na unaweza kusimamisha. Bora zaidi, mweke mtu mmoja ayasome na kuyasimulia kwa Kiswahili kwa sauti. Japani walikuwa na wasimulizi wa namna hiyo, benshi, waliosimama kando ya pazia, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Sisi tuliozoea msimuliaji kwenye vibanda vya video, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, hatuhitaji kufundishwa. Filamu bubu inamfaa msimuliaji kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa hashindani na sauti ya mtu.

Kwa nini nyingi zimepotea?

Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulichunguza karibu filamu ndefu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929. Zilizobaki nzima katika umbo lake la asili ni asilimia 14. Karibu asilimia 70 zimetoweka kabisa.

Mkanda wa wakati huo ulikuwa wa nitreti, unaowaka haraka mno na unaooza wenyewe kwenye joto. Ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua Julai 1937, na humo ndimo filamu nyingi za Tom Mix zilimoishia. Nyingine ziliyeyushwa ili kutoa madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda. Na nyingi zilitupwa tu, kwa kuwa sauti ilipokuja hakuna aliyeona faida ya kulipia ghala.

Zilizosalimika mara nyingi zilikuwa ugenini, kwa sababu gharama ya kuzirudisha ilizidi thamani yake. Mwaka 1978 huko Dawson City, Kanada, wajenzi walichimbua mikanda 533 iliyofukiwa tangu 1929 katika bwawa la kuogelea la zamani. Ardhi yenye barafu ya kudumu ndiyo iliyoihifadhi.

Nizipate wapi bure, na ni halali?

Marekani, filamu iliyotolewa zaidi ya miaka 95 iliyopita haina tena hakimiliki. Nchi nyingine zina sheria zao. Muziki mpya uliowekwa juu yake unaweza kuwa na mwenyewe. Anza na tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani na Internet Archive, kisha YouTube. Kwenye YouTube utakuta nakala tano za filamu ileile: chagua ndefu kuliko zote, maana fupi ama imekatwa ama inakimbizwa. Kama bando ni dogo, 480p inatosha.

Watoto wanaweza kutazama?

The Adventures of Prince Achmed na The General, bila wasiwasi. Hell's Hinges na The Wind, subiri wakue.

Babu aliacha mkanda wa filamu kwenye kopo la bati. Nifanye nini?

Usiuwashe kwenye projekta, na usiulete karibu na jiko wala sigara. Kama upana wake ni milimita 35 na ni wa kabla ya miaka ya 1950, unaweza kuwa wa nitreti, na nitreti ikishika moto haizimiki hata kwa maji. Ya majumbani, milimita 16 na 8, si ya nitreti. Angalia ukingo wa mkanda kwenye mwanga wa jua: mara nyingi pamechapwa neno SAFETY au NITRATE. Ukikuta unanata, una unga wa kahawia au unatoa harufu kali, uache ulivyo kwenye kopo, uuweke nje ya nyumba mahali penye kivuli na hewa, kisha wasiliana na Nyaraka za Taifa za nchi yako kabla ya kuugusa tena.